Mabega Kumi Kabla ya Saa Nane na Nusu

Muuguzi wa chanjo wa zahanati ile aliitwa Taratibu, na jina hilo alipewa na watoto. Kila mtoto aliyepakatwa na mama yake kusubiri sindano alisikia sauti ile ile karibu na sikio lake: "Taratibu, taratibu, tumeshamaliza." Mtoto akishajua kusema, akimwona njiani anapaza sauti, "Taratibuuu!" na kukimbilia nyuma ya gauni la mama yake. Miaka ishirini na miwili alikuwa katika kazi hiyo, minane ya mwisho katika chumba kimoja chenye meza ya bati, mizani ya kuning'iniza, kalenda na friji.

Friji ile usiione ndogo. Kabla haijaja, mama mwenye kichanga alitembea nusu siku kwenda kituo kikubwa ng'ambo ya mto kumpatia mwanawe chanjo ya surua, na mvua ikinyesha hakwenda kabisa. Taratibu aliandika barua kumi na nne kuiomba. Ilipokuja, na vioo vyake vya jua vya kufunga juu ya paa, aliifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe. Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto chake na kuandika daftarini. Hakuwahi kuruka hata siku moja, na wakwe zake walisema kwamba hata siku ya harusi ya mwanawe alitoroka ukumbini akaenda kuiangalia.

Mwaka huo wa korona ndio friji ilipoingia hatarini. Chanjo yenyewe ilikuja katika vichupa vya watu kumi. Kichupa kikishatobolewa kina saa sita za kuishi. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa, hata kama ni dozi tisa. Mwezi ule Taratibu alikuwa amemwaga mara mbili. Msimamizi wa chanjo, mwanamume wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni, akamwambia bila kuzunguka:

"Dada, ukimwaga tena mwezi huu, friji inahamia kituo kikubwa. Kule watu wapo. Usifungue kichupa mpaka uwe na kumi kwenye benchi."

Kumi kwenye benchi! Rahisi kusema. Wa kwanza alikuja asubuhi, wa pili baada ya saa nzima, na wa tatu alipofika, wa kwanza alikuwa amechoka kungoja na amekwenda zake. Benchi lile lilikuwa kama gunia lililotoboka, unajaza juu huku linavuja chini.

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa Jumatano. Msimamizi alikuwa aje mchana kufunga hesabu za vichupa. Taratibu alikuwa na nia moja tu: asifungue kitu, afike mchana salama, friji ibaki. Lakini saa mbili na robo mlangoni akasimama mwanamume wa mkokoteni, shati limelowa jasho, kofia mkononi.

"Nimekuja tena, mama."

Taratibu alimfahamu. Ilikuwa mara yake ya tatu. Mara mbili za kwanza alikaa benchini peke yake mpaka saa nne, akaambiwa arudi siku nyingine.

"Kaka yangu, leo pia uko peke yako."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuaga." Alisema bila hasira, na hilo lilimchoma Taratibu zaidi. "Mwenzangu tuliyesukuma naye mkokoteni aliugua. Wiki tano kitandani, na mpaka leo akipanda ngazi anakaa katikati. Mimi nikilala, nyumba nzima inalala. Ndiyo maana niliitaka hiyo sindano. Lakini kila nikija hapa, sokoni mzigo wangu unabebwa na mwingine. Leo ukinirudisha sitakuja tena. Nisikufiche."

Taratibu akatazama benchi. Akatazama friji. Akatazama saa ya ukutani, ambayo ilisema saa mbili na dakika ishirini na sita. Ukimwuliza hata leo ni nini kilichomwingia, atakuambia hajui. Mkono ulikwenda wenyewe. Alifungua friji, akatoa kichupa, akafuta mpira wake kwa pamba, na sindano ikazama.

"Keti, kaka. Legeza bega. Taratibu, taratibu... tumeshamaliza."

Akaandika juu ya kichupa kwa kalamu: 2:30. Halafu akakaa kitini.

Kumi toa mmoja. Tisa. Mpaka saa nane na nusu.

"Mama," akasema mtu wa mkokoteni, ambaye alikuwa akingoja benchini dakika zake kumi na tano za kuangaliwa baada ya sindano, "mbona umekaa kama uliyechomwa wewe?"

Akamweleza. Kichupa, saa sita, msimamizi, friji. Yule bwana alisikiliza huku akigeuza kofia yake. Dakika zake zilipokwisha alisimama, akasema tu, "Haya. Nitaona," akaenda zake. Taratibu hakumweka moyoni. Watu wengi humwambia nitaona.

Alianzia nyumbani, kama asemavyo mwenye akili. Zahanati ilikuwa na watu sita. Tabibu na mkunga walikuwa wamechanjwa zamani walipokwenda semina. Mlinzi alikuwa likizo. Wakabaki mfagiaji, mtaalamu wa maabara na mtu mmoja mwingine ambaye tutamfikia.

Mfagiaji, mama mnene wa vicheko aliyeitwa Mama Ndoo, alikuwa akipiga deki ukumbini.

"Mama Ndoo, shoga yangu, njoo nikuchanje."

Mama Ndoo akaegemea fagio. "Nichanje. Lakini wewe kwanza."

"Mimi kwanza nini?"

"Usinichekeshe na asubuhi hii. Shuka za wagonjwa nafua mimi, takataka zenu nabeba mimi, kila kikohozi kinaanzia kwangu. Naitaka hiyo sindano kuliko wewe! Lakini kadi yako ya chanjo sijaiona, na droo yako nafuta vumbi mimi. Mganga hajigangi, eeh?"

Taratibu alipita kama hakusikia. Mtaalamu wa maabara, kijana mrefu wa miwani ambaye wenzake walimwita Daktari Darubini, hakuinua hata jicho.

"Mimi nangoja utafiti."

"Utafiti upi tena? Umeshatoka."

"Nangoja wa mtu ninayemjua. Nimpime mwenyewe, nione kwa macho yangu."

Basi akabeba kisanduku chake cha barafu, akaweka kichupa ndani, akavuka barabara. Saa tatu ilikuwa imepita. Ng'ambo palikuwa na karakana ya fundi cherehani aliyeshona sare za shule, na wasichana watatu chini yake. Vyerehani vinne vilikuwa vikilia kwa pamoja. Fundi mwenyewe, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, alisikiliza hotuba yote ya Taratibu bila kusimamisha mguu. Kwamba chanjo inazuia mtu kuzidiwa. Kwamba homa ya siku moja mbili ni kawaida. Kwamba zimebaki tisa na muda unakimbia.

Kisha akainua mguu, na chumba kikanyamaza.

"Dada Taratibu, wanangu wote wanne umewachanja wewe. Sina neno na mkono wako. Nakuuliza moja tu: wewe umechanja?"

Hapo Taratibu akatoa jibu lake la miezi mitano. Lilikuwa jibu safi, lisilo na uongo ndani yake hata kidogo, na alilitunza kama alivyotunza daftari.

"Sisi wahudumu wa afya tulikuwa wa kwanza kwenye orodha."

Fundi akamtazama kama atazamavyo mshono uliopinda.

"Sikuulizi orodha, mwenzangu. Nakuuliza bega."

Wasichana wakaguna. Taratibu akafunga kisanduku chake, akarudi zahanati, na masikio yakimwaka moto.

Ukweli ni huu, na ni bora usemwe hapa: Taratibu aliogopa sindano. Si chanjo. Sindano. Tangu utoto, siku aliposhikwa na watu watatu akapigwa ya malaria, hakuweza kuvumilia ncha ya chuma ikielekea kwake. Kuchoma mwingine hakukumpa shida, alichoma maelfu. Ya kwake ndiyo iliyomkausha mate. Zamu ya wahudumu ilipofika alisema wagonjwa kwanza, ikaonekana ni ukarimu. Wiki iliyofuata akasema hivyo tena. Baada ya miezi miwili aibu ikawa kubwa kuliko hofu, maana angejieleza vipi? Ikawa siri, na kila siku ikinenepa.

Alisimama mbele ya friji. Saa nne kasoro dakika kumi. Akafikiria wale mama wa mvua na vichanga vyao, na mto. Akafikiria barua kumi na nne. Friji ikanguruma kidogo kama inavyofanya ikianza kupoza.

"Mkunga!" akaita kwa sauti ambayo haikusikika katika jengo lile tangu lijengwe. "Mkunga, chukua glavu, twende!"

"Nani anajifungua?"

"Mimi!"

Walivuka barabara karibu mbio, mkunga mbele na Taratibu nyuma, na Mama Ndoo na ndoo yake nyuma yao, maana jambo kama hilo hakutaka kuhadithiwa. Taratibu aliingia karakana, akavuta kigoda katikati ya vyerehani, akaketi, akapandisha mkono wa sare.

"Fundi, umeniuliza bega. Bega hili hapa. Halijachanjwa, kwa sababu naogopa sindano kama mtoto wa miaka minne. Basi, nimesema. Chekeni."

Wakacheka! Wallahi walicheka mpaka msichana mmoja akashikilia meza. Mama Ndoo alilia kwa kucheka. Fundi peke yake hakucheka. Alikuja, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Niangalie mimi. Usiangalie huko."

"Inaingia?"

"Bado."

"Sasa?"

"Taratibu, taratibu," wakaitikia wasichana wote watatu kwa pamoja, kwa sauti yake yeye mwenyewe, "tumeshamalizaaa!"

Na kweli ilikuwa imemalizika. Taratibu akafumbua macho, akalitazama bega lake kama limeota ua. "Ni hiyo tu?" akauliza. "Miaka yote hii, ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu unayotuambia sisi," akasema fundi, na hapo hapo akaketi kwenye kigoda. "Nimekushika, nishike. Wateja wangu ni watoto wa shule tatu, nawapima kifua na shingo kwa mkono huu. Sitaki niwapelekee wazazi wao sare na ugonjwa."

Fundi, wa tatu. Msichana wa kwanza, wa nne. Wa pili, wa tano. Huyu alisema anataka kwenda kumwona bibi yake bila kusimama dirishani. Msichana wa tatu alirudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa ameolewa juzi juzi, na alikuwa amesikia kwamba ukichanja hupati mtoto.

"Uliyoyasikia siyo," Taratibu akamwambia, akakaa naye pembeni. "Kama ungekuwa ukweli, ningekuwa wa kwanza kukuambia, maana kazi yangu ni watoto, wasipozaliwa, namchanja nani? Lakini sikushiki mkono kwa nguvu. Ongea na mwenzako. Mlango wangu unaujua."

"Nitafikiri, mama."

"Fikiri, mwanangu."

Mama Ndoo hakungoja kuitwa. Alikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akatoa bega. "Ahadi ni deni. Nilisema wewe kwanza." Wa sita. Saa nne na dakika thelathini na tano.

Waliporudi zahanati, Daktari Darubini alikuwa mlangoni. Habari ilikuwa imemfikia kupitia dirishani.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Kaa hapo."

Alimkalisha, akampima joto, mapigo ya moyo na presha, akaandika. Baada ya nusu saa akarudi. Nusu saa nyingine, tena. Katikati ya hapo Taratibu alikuwa akitoka na kisanduku chake kutafuta mabega, na kijana anamfuata nyuma na kipimajoto kama mtu anayedai kitu chake. Kwenye duka la dawa, wote walikuwa wamechanja. Kwa fundi baiskeli, aliambiwa kesho. Kwa muuza mkaa, aliambiwa keshokutwa. Saa sita na nusu ikafika, na kichupa bado kilikuwa na dozi nne.

"Joto thelathini na sita na nukta nane," akasoma Daktari Darubini. "Mapigo yapo juu."

"Yapo juu kwa sababu nakimbia, wewe!"

Kijana akaitazama karatasi yake kwa muda. Akavua miwani, akaifuta. "Mama yangu anakaa kwangu," akasema polepole. "Kila jioni navua viatu nje, nanawa mpaka viwiko, ndiyo nampa mkono. Nilikuwa naogopa nichanje, kitu kinitokee, abaki na nani? Haya. Wewe nimekuona. Nichome." Wa saba.

Kinyozi alikuwa kona ya pili. Alikuwa na mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado. Taratibu hakuanza na hotuba safari hii. Alipandisha mkono wa sare, akaonyesha kipande cha plasta.

"Nimechanja leo. Nilikuwa naogopa sindano. Nimebakiza tatu na saa moja na kitu."

Kinyozi akazima mashine. "Mimi nashika vichwa thelathini kwa siku. Watu wananipumulia kidevuni. Nilikuwa nataka tu, nani afunge duka akapange foleni?"

"Foleni imekuja dukani."

"Basi lete." Wa nane.

Mteja wa nusu kichwa akataka kuinuka. Kinyozi akamkandamiza kitini. "Wewe unakwenda wapi na kichwa hicho? Huwezi kutoka hapa. Mchanje na huyu!"

"Hapana, hapana," akasema Taratibu. "Asilazimishwe. Bwana, unataka?"

Yule mtu akajitazama kwenye kioo, nusu mweusi nusu anang'aa. "Kwa hali hii niliyonayo," akasema, "sindano ndiyo heshima iliyobaki. Nichome, lakini yeye akamilishe kichwa." Wa tisa.

Saa nane. Moja tu! Ungemwona Taratibu barabarani ungedhani amepotelewa na mtoto. Aliuliza kila aliyepita. Huyu amechanja, huyu ana haraka, huyu anamkimbia. Saa nane na dakika kumi na tano alirudi zahanati na dozi yake moja, akamkuta msimamizi ameshashuka kwenye gari, kalamu zimejipanga mfukoni, daftari la vichupa mkononi.

"Naona kichupa kimefunguliwa," akasema msimamizi.

"Kimefunguliwa."

"Walikuwa kumi kwenye benchi?"

"Alikuwa mmoja."

Msimamizi akashusha pumzi ndefu, akachagua kalamu. Ni hapo waliposikia magurudumu.

Mkokoteni uliingia uwanjani kwa kishindo. Aliyeusukuma ni yule bwana wa asubuhi, na juu yake, kwenye magunia matatu yaliyokunjwa, alikaa bibi mmoja mwembamba, mgongo wima, mkoba mapajani, kama bibi harusi aliyechelewa. Nyuma yao walitembea wabeba mizigo watatu wa sokoni. Na nyuma ya hao, akijificha nusu, msichana wa tatu wa karakana na mumewe.

"Nilikuambia nitaona," akasema mtu wa mkokoteni, akihema. "Huyu ni mama mkwe wangu. Magoti hayatembei, ila mdomo unatembea vizuri. Mkwe, tumefika."

"Nimeona tumefika, sijapofuka," akasema bibi. "Nimebebwa kama gunia la viazi mji mzima ukinitazama. Nani anachoma hapa?"

"Mimi, mama."

"Wewe umechanja?"

Taratibu akapandisha mkono. Alipandisha kwa furaha kiasi kwamba kifungo kilikatika. "Leo, mama! Saa nne asubuhi!"

"Basi chapuka."

Saa nane na dakika ishirini na tatu, dozi ya kumi iliingia katika bega la mama mkwe, naye hakupepesa jicho. Taratibu akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kitupu! Akampa msimamizi akione. Mama Ndoo akapiga kigelegele kilichowaamsha watoto wa wodini, na Daktari Darubini, mtu wa takwimu, alionekana akirukaruka.

Msimamizi akaandika daftarini: kilichomwagwa, sifuri. Akakunja daftari. "Vizuri, dada. Friji inabaki." Akageuka kwenda kwenye gari.

"Na sisi?" akauliza mmoja wa wabeba mizigo.

Benchini walikaa watano: wabeba mizigo watatu, msichana wa karakana na mumewe. Watano, si kumi. Msimamizi akamtazama Taratibu, na Taratibu akaitazama friji. Mwezi ulikuwa umeshaandikwa vizuri. Angeweza kuwaambia warudi kesho.

Akafungua friji, akatoa kichupa kingine.

"Dada," akasema msimamizi, "hesabu mpya inaanza na hicho. Ukimwaga, tunarudi kule kule. Na zahanati inafungwa saa kumi."

"Zahanati inafungwa. Mimi sifungwi." Alikuwa ameshachukua pamba. "Watano ninao. Watano wengine wapo huko nje, nimewaona leo kwa macho yangu. Yule wa baiskeli aliniambia kesho. Nitamwambia kesho imefika mapema."

Msimamizi akasimama kidogo, mkono kwenye kalamu zake. Kisha akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Dereva! Zima gari. Wewe si uliniambia unangoja nafasi?"

"Sita," akasema Taratibu, akaandika saa juu ya kichupa, na sindano ikazama.